Kesi ya Mama Wawili

Mikinduri,
4 Februari

Kwako Mama Caroline,

Salamu nyingi kama majani ya chai ya huko kwenu. Sisi hapa wazima, tunamshukuru Mungu.

Najua hukutarajia barua kutoka kwangu. Hata mimi sikutarajia. Mara ya mwisho kushika kalamu namna hii ni wakati Caroline alikuwa anasoma ng'ambo. Lakini tangu ile vita yetu ya Krismasi, tulipotukanana kwa simu na wageni wa kanisa wote wanasikia kwa spika, mtoto wetu ametoa amri. Ati mama zake wasipigiane simu tena, kila mwenye neno alilete kwa maandishi kama wanavyofanya kortini. Anasema mtu akiandika hasira inapoa. Tutaona.

Neno langu ni hili. Nimeona gazeti. Wanatafuta jaji mmoja wa kuketi Mahakama ya Juu, ile ya majaji saba, ambayo ikishasema hakuna pengine pa kukata rufaa. Walioomba walikuwa wengi, wamebaki sita, na mmoja ni Caroline wetu. Nililia, Phyllis. Nililia nikiwa sokoni nimeshika kilo ya maharagwe. Halafu nikasoma jina vizuri: Jaji Caroline Ireri.

Ireri! Huyu msichana ameolewa kwa Gitobu wangu tangu hii nyumba ikiwa ya mabati matupu, na mpaka leo gazeti linamwita kwa jina la babake. Wanawake wa chama wakaniuliza, "Kwani huyu si bibi ya Gitobu?" Nilitaka kuingia chini ya meza.

Sasa sikia mpango. Nimeshaongea na wazee. Rais ndiye anateua, si ndiyo? Basi tutabeba asali na kondoo dume tumwendee, tumwambie huyu ni msichana wa Meru na zamu hii ni yetu. Nakuambia mapema usije ukashangaa ukituona kwa TV.

Ni mimi,
Jedidah Kinya, Mama Gitobu


Kianjokoma,
11 Februari

Mama Gitobu,

Barua yako nimeipata. Dereva wa gari la miraa aliiacha dukani Runyenjes, na ilikuwa inanuka mzigo wake hata nikaianika juani kabla ya kuisoma.

Mimi nimefundisha watoto jinsi serikali inavyoendeshwa mpaka nikastaafu, kwa hivyo niwie radhi nikikurudisha darasani. Rais hachagui jaji. Zamani alichagua mwenyewe, kama mtu anavyochagua ndizi sokoni. Katiba mpya ikabadilisha. Siku hizi kuna Tume. Tume hutangaza kazi, huita walioomba, huwahoji mchana kweupe nchi nzima ikitazama, kisha huchagua jina moja na kumpelekea rais. Yeye kazi yake ni kutia sahihi. Haongezi, hapunguzi, ni kama karani wa posta na muhuri wake.

Sasa ukimpelekea karani kondoo, unataka akufanyie nini? Na Tume ikisikia itasema jaji anatuma wazee wamtafutie kazi. Utamwangusha mtoto wangu. Tafadhali, kondoo arudi malishoni.

Halafu hilo la "msichana wa Meru." Caroline alizaliwa hapa, nyuma ya hili dirisha ninapoandikia, mimi nikiwa nimetoka kuchuma chai siku hiyo hiyo. Marehemu Ireri ndiye aliyekimbia kumwita mkunga bila viatu. Jina lake linakuuma? Mimi nina langu linaloniuma. Desturi ni kwamba msichana wa kwanza huitwa mama ya mume, wa pili mama ya mke. Caroline akazaa msichana, mkamwita Kinya, jina lako, nami nikapiga vigelegele kwa moyo mmoja. Nikangoja wa pili. Wakaja wavulana, wakafuatana, kisha Caroline akasema imetosha. Kwa hivyo Kinya yuko, Igoki hayuko. Nikifa, jina langu limekufa nami. Hukunisikia nikimlilia mtu sokoni.

Wako,
Phyllis Igoki


Mikinduri,
19 Februari

Mwalimu,

Kondoo amerudi. Wazee wamenikasirikia sana, walikuwa wamepiga makoti pasi.

Nimesikia hiyo maneno ya karani wa posta, na sijaamini vizuri, lakini wewe ndiye uliyesoma. Basi nikarudi kwa gazeti lenyewe. Chini kabisa wameandika kwamba mwananchi yeyote aliye na jambo juu ya hao sita aiandikie Tume. Si mimi ni mwananchi? Nimeandika. Nimewaambia Jaji Caroline nyumbani kwake ni Mikinduri, kaunti ya Meru. Nimewaambia alipokwenda ng'ambo kusomea shahada ya pili, watoto walibaki na mimi, mmoja mgongoni, mwingine na surua, na Kinya akilia kila jioni akitaka mamake. Hakuna siku nilimwandikia kuwa wanaumwa. Nilimwandikia wamenenepa. Kama Caroline leo ni jaji, kuna mgongo wa mtu hapo chini.

Kuzaa si kazi, Mwalimu, kazi ni kulea. Hiyo si katiba, lakini ni kweli.

Na juu ya jina, pole. Lakini mimi sikuzaa wasichana, nilizaa Gitobu na ndugu zake tu. Mungu alinipa Caroline mmoja. Wewe una binti wengine watatu. Kwa nini unangojea jina lako kwa huyu?

Jedidah


Kianjokoma,
24 Februari

Ai, Jedidah! Umefanya nini!

Hukuniuliza. Nami sikukuuliza. Mimi pia niliandikia Tume! Nimewaambia Caroline ni mzaliwa na mtoto wa Kianjokoma, kaunti ya Embu, na kwamba mtu yeyote atakayedai ni wa kwingine asisikilizwe. Niliandika hivyo hivyo, "asisikilizwe." Nilikuwa nimetoka kusoma barua yako ya kondoo na damu ilikuwa imenipanda.

Sasa Tume ina barua mbili za mama wawili, moja inaikanusha nyingine. Kaunti si jambo dogo pale, kwa sababu wanatakiwa kuangalia sura ya nchi nzima. Wakiona maneno haya watasema jaji amedanganya alikotoka. Na mwenye kumharibia si adui, ni sisi.

Usimwambie. Ana mahojiano wiki ijayo. Omba, nami naomba.

Phyllis


Mikinduri,
6 Machi

Mkwe wangu Phyllis,

Umeona? Niambie uliona!

Sisi tulitazamia kwa hoteli pale sokoni, wamefunga hata jikoni. Caroline alipoingia na ile suti ya kijivu nilisimama kama kanisani. Wakamuuliza sheria, akajibu. Wakamuuliza ile kesi ya ardhi aliyoamua serikali ikashindwa, akajibu na hakupepesa jicho. Nikaanza kupumua. Mara yule kamishna mwenye miwani akainua karatasi mbili. Phyllis, nilijua mwandiko wangu kutoka kwa TV!

Akasoma yangu. Akasoma yako, mpaka kwa "asisikilizwe." Ukumbi ukacheka. Wanawake wa chama wote wakanigeukia, na mimi nikaangalia ukuta. Akauliza, "Jaji, wewe ni wa wapi hasa, na mbona mama zako hawapatani?"

Caroline akanywa maji kidogo. Akasema, "Mwenyekiti, nimejaza Embu, kwa sababu fomu iliuliza nilikozaliwa. Ingeniuliza nitakakozikwa, ningejaza Meru. Hizo barua ni kesi ya mama zangu wawili, na nimeiahirisha tangu siku niliyoolewa." Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Lakini umesikia? Atazikwa Meru. Amesema mbele ya nchi nzima, na mimi nimeyaweka moyoni.

Jedidah


Kianjokoma,
15 Machi

Mama Gitobu,

Wamemchagua. Katika wale sita, Tume imechukua jina moja, na ni Caroline. Naandika nikifuta machozi na kitambaa cha meza kwa sababu sioni kingine karibu.

Jina limepelekwa kwa rais. Usikanyage Ikulu, usitume mzee, usitume asali. Ni sahihi tu iliyobaki. Hesabu kuwa ni wiki hii.

Na ndiyo, nilisikia alipotaja kaburi. Mama mwingine angefurahia maisha ya mtoto, wewe umefurahia kaburi lake. Shauri yako. Mimi niliona kitu kingine pale kwa TV: alikuwa amekonda, na ile kola ilikuwa imekaa vibaya upande wa kushoto. Nilisimama nikaigusa kwa kioo. Nilikuwa peke yangu nyumbani, hakuna aliyeniona, na sijui kwa nini nakuambia wewe.

Phyllis


Mikinduri,
10 Aprili

Mwalimu,

Hii wiki yako ni ya namna gani isiyoisha? Mwezi karibu unakatika. Karani wako wa posta amepoteza muhuri? Ulisema hana la kuongeza wala kupunguza, kumbe ana la kunyamaza! Redio asubuhi inasema hivi, jioni inasema vile. Wengine wanasema ni ile kesi ya ardhi. Wengine wanasema hajafika tu kwenye hiyo karatasi. Hapa sokoni wananiambia, "Mama Gitobu, mngempeleka yule kondoo." Na mimi hapa nakutetea, wewe!

Lakini si hiyo imenifanya niandike. Caroline alikuja Ijumaa. Hakuniambia anakuja. Aliingia na viatu vya mjini, akavivua mlangoni, akachukua jembe langu, akaenda shambani kupalilia maharagwe. Nilimwacha. Jioni aliketi chini, akaweka kichwa mapajani mwangu, akaniambia, "Mami, kama hawanitaki si waseme tu." Nilimpa uji. Nilimsuka nywele kama nilivyokuwa nikimsuka Kinya. Jumapili akarudi Nairobi.

Nakuambia ili ujue yuko salama. Usiwe na wasiwasi.

Jedidah


Kianjokoma,
16 Aprili

Jedidah,

Kwa hivyo alipoumia alikuja kwako.

Barabara ya kutoka Nairobi kwenda Meru inapita hapa chini, Runyenjes. Alipita. Angekata kona moja tu angenikuta jikoni. Hata mahindi nilikuwa nimechemsha Ijumaa hiyo, mengi kuliko ya mtu mmoja, nakumbuka.

Unaniambia nisiwe na wasiwasi. Sina wasiwasi. Nina wivu. Basi, nimelisema, na ulibandike ukutani ukitaka. Wana watatu wengine niliwazaa pia, na ninawapenda, lakini huyu ndiye aliyekuwa akinifuata mpaka chooni akiniuliza maswali. Sasa amemaliza maswali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Mimi uchungu wa mwanangu naletewa na gari la miraa.

Sina zaidi.

Phyllis


Mikinduri,
5 Mei

Mkwe wangu,

Amesaini! Amesaini, amesaini! Gitobu alipiga simu nikiwa kwa ng'ombe, nikamwaga maziwa yote, na sijali. Imetoka kwa gazeti la serikali. Sasa si maneno ya redio.

Sikukujibu tangu ile barua yako. Niliona ni kama nimekuibia kitu na sikumbuki nikikichukua.

Sasa kuna jambo, na ni gumu. Ataapishwa Ikulu. Kadi za familia ni mbili. Moja ni ya Gitobu, hiyo haina maneno. Nyingine ni ya mzazi. Mzazi mmoja. Nilimuuliza Caroline ni nani kati yetu, na unajua alisema nini? Ati amejiondoa kwenye kesi! Ati jaji hawezi kuhukumu kesi ya mama zake, tuamue wenyewe kwa maandishi, na jina moja limfikie kabla ya tarehe ishirini.

Mimi nataka kwenda, Phyllis. Sifichi. Nimeshashona nguo, ya buluu, na kilemba. Lakini siwezi kujiteua. Nijibu hata kama ni matusi.

Jedidah


Kianjokoma,
15 Mei

Mama Gitobu,

Nenda wewe.

Usinishukuru, kwa sababu sikufanya kwa moyo mweupe. Barua yako ilinifikia siku nyingi zilizopita. Nimekaa nayo mezani, nikaisoma, nikaikunja, nikaipeleka chini ya godoro, nikaitoa. Mara mbili niliandika jina langu kwenye karatasi ya kumpelekea Caroline. Nilijiambia, mimi nilimbeba tumboni, mimi nilimvusha mto na kitabu chake kichwani, kadi ni yangu na hakuna wa kuninyima.

Lakini Caroline anadanganya akisema amejiondoa. Alishachagua. Alichagua ile Ijumaa alipopita Runyenjes bila kukata kona. Mimi sina la kuchagua hapa, mimi ni wa kutia sahihi tu. Nilikucheka ulipouliza mbona rais amekaa na karatasi. Sasa nimejua mtu anavyoweza kukaa na karatasi. Kuna kutia sahihi kunakouma.

Nimesaini. Jina limekwenda: Jedidah Kinya. Vaa hiyo buluu. Na kola yake ikikaa vibaya, itengeneze.

Phyllis


Mikinduri,
25 Mei

Mwalimu,

Nilitaka nikuandikie barua ya raha. Nilikuwa na mengi: hema jeupe kwenye nyasi, viti vyenye vifuniko, chai na keki ambazo sikula kwa sababu ya hofu. Caroline alishika Biblia, akaapa, sauti haikutetemeka. Kola ilikuwa sawa, lakini niliigusa hata hivyo, nikamwambia, "Hii ni ya mama yako." Akaniangalia sana.

Nilijua tutapanda gari moja mpaka Mikinduri. Nilikuwa nimechinja. Nilikuwa nimeita kwaya, nimeita chama, nimeita wale wazee wa makoti wasahau mambo ya kondoo. Tukatoka nje, Caroline akaniambia, "Mami, nyinyi tangulieni na Gitobu." Akaingia gari lingine. Tukafika hapa, watu wakaimba, wakaangalia nyuma yangu, hakuna jaji. Mimi mwenyewe nikacheza ngoma ya mtu ambaye hayuko.

Nimesikia alikata kona. Nimesikia amelala kwako, siku ya kwanza ya ukubwa wake, na nguo ya buluu nimevua peke yangu.

Nilipata kadi, wewe ukapata jaji. Mimi pia sasa nitaandika hilo neno lako: nina wivu. Unanichoma kifuani kama pilipili. Niambie tu alikuwaje. Alikula? Alicheka? Niambie yote, usinifiche.

Jedidah


Kianjokoma,
28 Mei

Jedidah,

Nakuambia yote, kama ulivyoomba.

Alikuja jioni. Aliwaacha askari wake barabarani, akapanda huu mlima kwa miguu, viatu mkononi. Aliingia jikoni, akaketi kwenye kile kigoda cha babake, akasema, "Mahindi yako yako wapi?" Alikula matatu. Alicheka, ndiyo. Aliniigizia yule kamishna mwenye miwani akisoma "asisikilizwe," nikacheka mpaka nikashika ukuta. Hakuniomba msamaha kwa ile Ijumaa, wala mimi sikumdai. Alinishika tu mkono akatazama vidole vyangu, kimoja kimoja.

Nilimtandikia chumba cha wageni akakikataa. Akalala kitandani mwangu, upande wa ukuta, kama zamani. Mimi sikulala. Nilikaa nikimwangalia na nilikuwa nimeshaianza barua yako kichwani, na ilikuwa barua ya majivuno, Jedidah, ungeisoma ukalia. Ningekuambia: wewe ulipata hema na keki, mimi nimepata pumzi yake. Ningekuambia desturi haikunipa jina lakini imenipa huyu.

Alfajiri akageuka. Macho yalikuwa yamefumbwa. Akasema, "Mami," nikaitika. Akaomba maji. Akasema "ruuji."

Unajua sisi hapa hatuyaiti hivyo. Hilo ni neno la kwenu. Huyu ni mtoto niliyemfundisha kusema, maji lilikuwa kati ya maneno yake ya kwanza, alilisema akiwa mgongoni mwangu kule chini mtoni. Na usingizini, kwenye kitanda changu, aliniomba maji kwa Kimeru. Sikujua ni nani kati yetu aliyekuwa akimwita.

Nilimletea. Akanywa kikombe chote bila kufumbua macho, akaendelea kulala.

Jumamosi anakuja kwako, kwa hivyo chinja tena na uite kwaya. Lakini usiku usimwache peke yake. Lala karibu naye, umsikilize. Na akisema hata neno moja la Kiembu, Jedidah, hata moja, niandikie.

Wako,
Phyllis Igoki